Mdogo Wangu Aliniuliza, Nikamjibu "Pazuri"

 

Leo naomba niweke pembeni singo na hina. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka simu yangu haipumziki, na kila mwaka msimu huu unanirudisha kwenye jambo moja nililolifanya na ambalo sijawahi kulisimulia lote. Nimeona nilisimulie hapa kwa sababu wengi wenu ni wanafunzi, wengine mna mabinti wanaotafuta vyuo, na wengine mko katikati: posa imeshakubaliwa na majibu ya chuo nayo yanasubiriwa.

Mie nilikwenda kusoma Bara mwaka 2015. Wakati ule tulikuwa tunaomba kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, unajaza machaguo yako kisha unasubiri upangiwe. Tangu 2017 mambo yamebadilika, kila mtu anaomba mwenyewe moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na akichaguliwa zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja. Kwa hiyo mzigo wa kuchagua sasa uko mabegani mwenu zaidi kuliko ulivyokuwa kwetu. Mimi nilichagua kwa kipeperushi. Kilikuwa na picha ya bustani ya majani mabichi na wasichana wawili waliojistiri vizuri, wamekaa chini ya mti na kompyuta mapajani. Mama alikitazama muda mrefu akasema, "Hawa wanaonekana wana heshima zao." Basi, utafiti wetu ukaishia hapo.

Nasema uongo. Kuna mtu mmoja nilimuuliza. Binti wa jirani yetu alikuwa mwaka wa pili chuo hichohicho, akaja likizo na abaya mpya na miwani ya macho, tukamwona kama daktari. Nikamfuata kibarazani kwao nikamuuliza kukoje huko. Akanijibu, "Pazuri, alhamdulillah. Utazoea."

Siku hizi nikilisikia neno "utazoea" nasimamisha masikio. Mtu haambiwi utazoea kuhusu kitu kizuri. Umeshamsikia nani akikaribishwa biriani akaambiwa utazoea?

Chuo chenyewe sitakitaja. Nitakayoyasema ni ya miaka yangu, na baadhi yake yalikuja kurekebishwa, nitaeleza huko mbele. Niliposhuka pale na sanduku langu nikakuta dahalia ya wanawake imeshajaa tangu wiki iliyopita. Hakuna aliyenificha kwa kusudi, ni kwamba barua ya kujiunga ilisema malazi "yapo", na kweli yalikuwapo, vitanda vichache kwa wanawake wengi. Nikapanga chumba na wasichana wawili wa Tanga, mwendo wa nusu saa kwa miguu, njia inapita kwenye nyumba ambazo hazijamalizwa kujengwa, haina taa hata moja. Kumbi za kusomea zilikuwa hazitoshi, kwa hiyo siku mbili kwa wiki kipindi cha mwisho kilimalizika saa mbili usiku. Pa kusalia wanawake palikuwa stoo chini ya ngazi, na ufunguo alikuwa nao mlinzi. Mlinzi akienda kunywa chai, Alasiri yako unaisali korido. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine kumi na nne, zinazowaka tisa, na sisi tulizidi mia moja.

Si kwamba kila kitu kilikuwa kibaya, na hili nalo lazima nilishuhudie. Tulikuwa na mhadhiri wa takwimu ambaye mpaka leo namwombea dua, alikuwa anarudia somo mara tatu na hakasiriki. Maktaba ilikuwa na utulivu. Chakula kilikuwa rahisi. Wale wasichana wawili wa Tanga ni ndugu zangu mpaka kesho.

Mwaka wa pili wangu, mwezi wa nane 2016, ukaniingilia ujumbe kwenye WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Tulikuwa na grupu la wasichana wa Kizanzibari tunaosoma Bara. Wakati ule grupu haliwezi kuzidi watu 256 na letu lilikuwa limejaa, mtu akitoka tu anaingia mwingine. Humo ndimo binti huyo alimopewa namba yangu. Alikuwa wa Pemba. Aliniandikia kwa adabu na mpangilio, moja, mbili, tatu:

"Dada, dahalia ya wanawake ipo na inatosha? Vipindi vinamalizika saa ngapi? Kutoka chuoni mpaka wanapopanga wanafunzi ni mbali? Baba ndiye anayetaka kujua, maana mie ni wa kwanza kwetu kutoka."

Maswali matatu. Na yote matatu nilikuwa nayajua majibu yake kwa miguu yangu mwenyewe. Niliusoma ujumbe ule kitandani, miguu ikiwa bado na vumbi la njia ile ile anayoniuliza. Nikamjibu: "Pazuri mdogo wangu, alhamdulillah. Changamoto ndogo ndogo hazikosekani popote, utazoea. Karibu sana." Nikamalizia na ua jekundu.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Mama aliuza vikuku vyake viwili vya dhahabu ili nilipe ada ya mwaka wa kwanza, na kukiri kuwa chuo hakikuwa kama picha ilikuwa sawa na kusema vikuku vimekwenda bure. Halafu wakati ule na mimi nilikuwa nimeposwa, na kwa wakwe nilikuwa natajwa kwa jina la chuo changu kama mtu anavyotajwa kwa ukoo wake. Nikiandika maneno mabaya kwenye simu, kesho yako Darajani, keshokutwa kwa mama mkwe. Na la mwisho nililojipa, ambalo ndilo nililoliona zuri kuliko yote: kusema mabaya ya watu ni ghiba. Nikalala usingizi mzuri tu.

Binti akaja. Baba yake alilipa kwa fedha za karafuu za msimu mzima. Dahalia hakupata, akapanga mbali kuliko sisi. Nilimwona mara tatu nne, tukasalimiana, kila mara akiniita dada kwa heshima, na hakuniuliza kwa nini sikumwambia. Mwezi wa kwanza, usiku mmoja akitoka kipindi cha saa mbili, vijana wakamvamia kwenye zile nyumba zisizomalizwa. Walichukua simu na mkoba. Alhamdulillah hawakumfanya jengine, lakini alianguka kwenye matofali akavunjika mkono wa kulia, mkono wa kuandikia, wiki mbili kabla ya mitihani.

Sikwenda kumwona hospitali. Hilo nalo naliandika.

Nilikutana naye kwenye boti, nikirudi nyumbani likizo. Alikuwa amelala, kichwa dirishani, mkono umefungwa plasta. Mama yake ndiye aliyekuja kumchukua. Tulikaa kiti kimoja kwa bahati, au niseme kwa qadari, maana boti ilikuwa imejaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, tukazungumza mambo ya bahari ilivyochafuka. Akanitazama usoni.

"Wewe ndiye yule dada wa kwenye simu?"

"Ndiye mie, mama."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu si alikuuliza?"

Hakupaza sauti. Alikuwa anamenya chungwa, akaligawa, akanipa vipande viwili mkononi, na vingine akamwekea mwanawe kwenye kitambaa. Safari ya kutoka Dar mpaka Malindi ni kama saa mbili. Sijawahi kukaa saa mbili ndefu kama zile, nimeshika chungwa ambalo siwezi kulila na siwezi kulitupa.

Fedha za karafuu hazikurudi, mwaka ule wa masomo ulipotea, na kijijini, nilikuja kusikia baadaye, ikasemwa binti wa fulani alikutwa njiani usiku. Hawakusema alikuwa anatoka darasani. Nyinyi mnaokaa kwenye visiwa hivi mnajua sentensi hiyo inaweza kumfanya nini msichana ambaye hajaolewa.

Nilipokuwa likizo nikaenda darsa kwa ustadhati wetu. Baada ya watu kutoka nikabaki, nikamweleza yote, na nikaweka na ile ngao yangu: kwamba niliogopa ghiba. Alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Ulimficha aliyekuuliza," akaniambia, "sasa unataka dini ikufiche wewe?"

Akanikumbusha kisa cha Fatima bint Qays, radhi za Allah ziwe juu yake, ambacho wengi wetu tumekisikia kwenye darsa za ndoa. Alipomaliza eda alimwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamweleza kuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume hakumwambia wote ni watu wazuri, utazoea. Alimweleza wazi kuwa mmoja hana mali na mwingine hashushi fimbo begani, akamshauri amkubali Usama bin Zayd. Na hao waliotajwa walikuwa masahaba! Imam Nawawi katika Riyadhu Swalihina ameweka mlango maalumu wa hali ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa, na kumpa nasaha anayetaka ushauri ni mojawapo. Ustadhati akasema mtu akikuuliza kuhusu mchumba, biashara au safari, amekupa amana, na amana hairudishwi nusu.

Lakini akaniwekea na mpaka: sema ulichokiona, kwa kiasi alichokihitaji muulizaji, na usizidishe hata ukiwa na hasira. Mpaka huu nilikuja kuuona kazi kuliko ule ukweli wenyewe.

Muhula ulipofunguliwa niliandika kwenye grupu. Nikaanza na miaka niliyokaa, kisha vitanda, saa za vipindi, njia, stoo ya kusalia, kompyuta tisa, na yule mhadhiri wa takwimu. Nilimwandikia na yule binti peke yake, nikamwomba radhi bila kujitetea. Tiki mbili zikawa za bluu. Hakujibu.

Kwenye grupu, lakini, ikawa kama mtu amefungua mfereji. Siku mbili nzima simu zilikuwa hazishikiki. Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa na lake, kila mmoja amemwandikia mwenzake "pazuri, alhamdulillah". Mmoja akasema chuo chake wanawake wana msikiti mzuri wenye mlango wao na udhu wao, ila mitihani ya majaribio mhadhiri mmoja anapenda kuiweka Ijumaa mchana. Mwengine akasema Ramadhani mgahawa wa kwao unafunga saa kumi na mbili kamili jioni, kwa hiyo ukitaka futari nunua tende na uji wako mapema. Mwengine kwamba fedha za mkopo zinachelewa mwanzoni mwa muhula, usitoke kwenu bila ya akiba ya mwezi mmoja na nusu. Wapi pa kupanga, nani mama mwenye nyumba mwema, daladala gani usipande baada ya Magharibi. Hata mie niliyesoma Bara miaka miwili nilijifunza mambo.

Mambo hayo huyapati pengine. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wa udahili, na huo ndio wa kuanza nao, usikwepe: unakwambia sifa za kujiunga, miaka ya masomo, nafasi ngapi. Na kabla ya chochote hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa, maana mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kuna familia zilikuwa zimeshajipanga. Lakini mwongozo hauwezi kukwambia kuwa mlinzi ana ufunguo wa stoo. Hilo analijua aliyesimama korido na mswala mkononi.

Wako waliotaka tuweke nyota, chuo fulani nyota nne, fulani mbili. Nikaenda kusoma wenzetu wamefanyaje. Marekani wanafunzi wameanza zamani. Rate My Professors ipo tangu 1999, na College Prowler ilianzishwa 2002 na wanafunzi wa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, wakitoa vitabu vya maoni ya wanafunzi wenyewe chuo kwa chuo. Ndiyo ambayo siku hizi inaitwa Niche. Faida wameiona, na makosa wameyafanya. Ile ya walimu kwa miaka mingi ilikuwa na alama ya pilipili ya kuonyesha mwalimu ana mvuto wa sura, mpaka walimu wenyewe, wanawake hasa, walipolalamika ndipo ikaondolewa mwaka 2018. Mtu ametafuta shahada yake kwa jasho, unampa pilipili! Nikawaambia wenzangu nyota mie siitaki. Msichana anayekaa kwa shangazi yake mjini atakipa chuo nyota tano, na aliyepanga kwenye njia isiyo na taa atakipa moja, na wote wawili wamesema kweli. Nyota haikwambii wewe utakaa kwa nani.

Mabaya pia yaliingia. Wakaja madalali. Kuna mmoja alijiweka na picha ya msichana aliyevaa nikabu, akawa anasifia chuo kimoja asubuhi na jioni, ada nafuu, mazingira ya Kiislamu, namba ya kuombea hii hapa. Dada mmoja akamuuliza kwa upole: ukhti, kutoka dahalia mpaka sokoni nauli shilingi ngapi? Tukasubiri mpaka Isha. Hatukumwona tena. Tangu siku hiyo mwenye kusifu sana tunamuuliza nauli.

Zito zaidi ni habari za wahadhiri. Msichana mmoja aliandika jina la mwalimu na tuhuma nzito, hasira imemjaa, na hakuwa yeye bali amesikia kwa mwenzake. Hili tulilifuta, na baadhi waliudhika wakasema tunamlinda mwanaume. Hapana. Rushwa ya ngono ipo vyuoni na si jambo la kunong'onezana tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kuwa kosa, kifungu cha 25, na kwa walioko Bara TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Aliyefanyiwa tunamshika mkono, tunakwenda naye. Lakini jina la mtu kwa habari ya kusikia halipandishwi mbele ya watu mia mbili, kidini haifai na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo haitakuchekea. Tunachokisema wazi ni hiki: ofisini kwa mhadhiri usiende peke yako jioni, awe nani.

Na mimi mwenyewe nikateleza upande wa pili. Mwaka 2020 binti mmoja aliulizia chuo changu cha zamani nikamwaga yote, dahalia, njia, kiza, kwa maneno makali, nadhani nilikuwa bado nalipa deni la yule wa Pemba. Akaacha kuthibitisha nafasi yake. Siku ya pili mwanafunzi aliyekuwapo pale wakati huo akaandika kuwa dahalia mpya imefunguliwa, vipindi vya usiku vimeondolewa kwa mwaka wa kwanza, na taa zimewekwa mpaka kwenye kona. Nilikuwa natoa ushahidi wa mwaka 2016 kana kwamba ni wa jana. Bahati muda wa kuthibitisha ulikuwa haujafungwa. Tangu hapo naanza na mwaka niliosoma, nasema machache, halafu namtafutia muulizaji mtu aliyeko pale sasa hivi.

Mabibi harusi, nimewaweka mwisho lakini sikuwasahau, kwani maswali yenu ndiyo yanayonipendeza. Yanakuja usiku, faragha, na yanaanza na "dada samahani". Je, chuo kinakubali kuahirisha masomo mwaka mmoja? Nikipata ujauzito nafanyaje na mafunzo ya vitendo? Kuna walioolewa wanaoishi karibu na chuo na waume zao? Nimepangiwa Dodoma na mume anafanya kazi Unguja. Haya yaulizeni kabla ya siku ya nikaha, si baada ya fungate. Kuahirisha kuna taratibu zake, kila chuo kina fomu na muda wake, na aliyewahi kuijaza fomu hiyo atakwambia ilichukua siku ngapi na ofisi gani ilimzungusha. Na kama mmekubaliana utaendelea kusoma, mkalitaje wakati wa posa mbele ya mawalii, lisibaki la simu baina yenu wawili. Nimeona wawili watatu walioambiwa "tutaona" na wanaona mpaka leo.

Mwaka huu zamu imefika nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu ameposwa, harusi mwezi wa kumi na mbili inshaAllah, na amechaguliwa vyuo viwili, kimoja hapa Unguja na kimoja Bara. Alikuwa na siku chache za kuthibitisha. Wakwe walipenda cha hapa, yeye moyo uko Bara kwa sababu ya kozi, na mchumba, namshukuru Allah kwa kijana huyu, alisema yeye yuko tayari lakini anataka kujua atamuacha mkewe mahali gani. Aliswali istikhara. Kisha akaja kwangu na simu yake, akasema, "Mama mdogo, nimeshamuuliza Allah, sasa nisaidie kuwauliza watu."

Tukaandika pamoja. Majibu yakaja manne matano, mafupi. Usiku sana likaja refu, limepangwa moja, mbili, tatu. Aliyeandika amemaliza pale 2021. Dahalia inatosha kwa wanawake mwaka wa kwanza na wa mwisho, katikati utapanga. Vipindi mwisho saa kumi na mbili jioni. Wanapopanga wanafunzi ni dakika kumi, njia ina taa ila kuna korongo, mvua kubwa zunguka barabarani. Walioolewa wapo, wana majengo upande wa sokoni, amempa na namba ya dada mmoja anayekaa huko. Tatizo la pale ni maji, yanakatika siku mbili tatu kwa wiki na hakuna anayekuambia mapema.

Namba yake sikuwa nimeihifadhi kwa jina, lakini mpangilio ule niliujua. Juu ya mazungumzo yetu, mie na namba hiyo, palikuwa na ujumbe wangu wa 2017 na tiki zake mbili za bluu. Hakuniandikia mimi. Alimwandikia mtoto wa dada yangu, na mtoto huyo hana habari ya lolote, akamjibu palepale kwa furaha:

"Ahsante sana dada, Allah akulipe. Kwa hiyo nije na ndoo? Kubwa kiasi gani?"

"Lita ishirini," akamjibu. "Mbili, na ziwe na mifuniko. Zinunue huku huku Bara, usijichoshe nazo kwenye boti."